Adrian Atiman

Adrian Atiman (takriban 1866 – Karema, 24 Aprili 1956) alikuwa katekista na daktari aliyefanya kazi kwa miaka 67 huko Karema, upande wa mashariki wa Ziwa Tanganyika, katika eneo ambalo leo ni sehemu ya Mkoa wa Katavi nchini Tanzania. Alizaliwa Afrika ya Magharibi karibu na mto Niger, akatekwa na kufanywa mtumwa akiwa mtoto, akakombolewa na wamisionari nchini Algeria, akasomea udaktari katika kisiwa cha Malta. Mwaka 1888 alisafiri kwa msafara kutoka pwani ya Afrika ya Mashariki kupitia nchi ya Unyamwezi hadi Ziwa Tanganyika, na hakuondoka tena huko mpaka kifo chake.

Ni mmoja wa Waafrika wa kwanza kusomeshwa tiba ya Ulaya na kuitumia kwa muda mrefu ndani ya nchi ambayo leo ni Tanzania bara.

Utoto na utumwa

Atiman alizaliwa mnamo 1866 huko Tundurma, kijiji kilichokuwa kando ya mto Niger si mbali na mji wa Timbuktu, katika Mali ya leo. Tarehe kamili ya kuzaliwa haijulikani, kama ilivyo kwa watoto wengi wa wakati ule.

Alipokuwa na umri wa miaka kama 10 alitekwa na Watuareg. Kutoka hapo alivushwa jangwa la Sahara kuelekea kaskazini pamoja na watumwa wengine. Njia hiyo ilikuwa ya kale sana. Kwa karne nyingi misafara ya ngamia ilipeleka dhahabu, chumvi na watu kati ya nchi za mto Niger na miji ya Afrika ya Kaskazini. Wengi waliotembezwa jangwani walikufa kwa kiu na uchovu, hasa watoto.

Mnamo mwaka 1876, katika eneo la kusini mwa Algeria, alinunuliwa na wamisionari Wakatoliki wa shirika la Wamisionari wa Afrika, ambao kwa sababu ya kanzu zao walijulikana zaidi kama White Fathers. Shirika hilo lilikuwa limeanzishwa mwaka 1868 na Charles Lavigerie, askofu mkuu wa Algiers, ambaye baadaye alifanywa kardinali. Wamisionari hao walikuwa na desturi ya kununua watoto sokoni, kuwapa uhuru na kuwalea katika shule zao.

Desturi hiyo ilikuwa na pande mbili. Kwa mtoto aliyenunuliwa, mara nyingi ilikuwa tofauti kati ya uhai na mauti. Lakini hata wakati ule wapo walioona kwamba fedha ya mkombozi huingia mkononi mwa mfanyabiashara sawa na fedha ya mnunuzi mwingine, na kwamba mtoto aliyekombolewa hakurudishwa kwa wazazi wake. Atiman hakuishi tena kwao. Jina la ubatizo, lugha aliyosomea na dini aliyoifuata vyote alivipata mbali na nyumbani.

Masomo huko Malta

Lavigerie alikuwa na wazo ambalo halikuwa la kawaida kwa viongozi wa misheni wa wakati wake. Aliona kwamba Wazungu waliotumwa ndani ya Afrika walikufa haraka kwa homa, na kwamba wakiishi walibaki kuwa wageni. Kwa hiyo alitaka vijana Waafrika wafundishwe udaktari na ukatekista kwa pamoja, kisha warudi Afrika, waoe huko, wale chakula cha huko na kukaa katika nyumba za huko. Tiba ingewafungulia milango ya vijiji, na maisha yao yangekuwa mahubiri.

Kwa ajili hiyo alianzisha mwaka 1881 nyumba ya masomo katika kisiwa cha Malta, kilichokuwa chini ya Uingereza. Malta ilichaguliwa kwa sababu iko katikati ya Ulaya na Afrika, ina chuo kikuu cha zamani chenye kitivo cha tiba, na watu wake husema lugha yenye asili moja na Kiarabu. Vijana wa Lavigerie walikaa pamoja katika nyumba hiyo na kuhudhuria masomo ya chuo kikuu.

Atiman alikuwa mmoja wao. Alikaa Malta hadi mwaka 1888. Hiyo ilikuwa miaka ya mabadiliko makubwa katika sayansi ya tiba. Mwaka 1882 Robert Koch alitangaza kwamba amegundua bakteria wa kifua kikuu, na baada ya muda mfupi yule wa kipindupindu. Louis Pasteur alitumia chanjo ya kichaa cha mbwa kwa binadamu mwaka 1885. Hata hivyo mengi ambayo yangemsaidia daktari wa nchi za joto yalikuwa bado. Kwamba malaria huenezwa na mbu kulithibitishwa na Ronald Ross kuanzia mwaka 1897, miaka tisa baada ya Atiman kutoka chuoni. Kidubini kilikuwepo.

Mpango wa Malta haukudumu. Wanafunzi walikuwa wachache, gharama ilikuwa kubwa, na baadhi ya waliomaliza hawakukaa katika kazi waliyopewa. Nyumba hiyo ilifungwa kabla ya karne ya 19 kuisha. Atiman ndiye aliyekuwa mfano maarufu kuliko wote wa jinsi mpango huo ungeweza kufaulu.

Safari ya msafara kupitia Unyamwezi

Mwaka 1888 Atiman aliondoka Ulaya pamoja na kundi la wamisionari lililoongozwa na Askofu Léonce Bridoux, aliyekuwa amewekwa wakfu mwaka huohuo kwa ajili ya misheni ya Tanganyika. Walikuwemo pia vijana wengine Waafrika waliosomeshwa Malta. Walipita Zanzibar, wakavuka kwenda bara na kuingia katika barabara ya misafara.

Barabara hiyo ilianzia pwani, hasa Bagamoyo na Saadani, ikapanda Usagara, ikavuka mbuga kavu za Ugogo ambako misafara ililipa hongo ili kupata maji, kisha ikaingia Unyamwezi. Kituo chake kikuu kilikuwa Tabora katika utemi wa Unyanyembe, zaidi ya kilomita 800 kutoka baharini. Hapo njia ziligawanyika: moja ilikwenda magharibi hadi Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika, nyingine kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda, nyingine kusini-magharibi kuelekea Ufipa na ng'ambo ya ziwa. Waarabu na Waswahili walikuwa na nyumba zao za tembe na miembe yao huko, na Wanyamwezi walijulikana kote kwa kazi ya upagazi. Pembe za ndovu zilishuka pwani; nguo, shanga, bunduki na baruti zilipanda bara; na pamoja na pembe walishushwa pia watumwa.

Wakati Atiman alipopita, Unyanyembe ilikuwa chini ya mtemi Isike, na mtemi Mirambo wa Urambo, aliyekuwa ameifunga njia hiyo mara kadhaa, alikuwa amekufa miaka minne iliyotangulia. White Fathers walikuwa na kituo Kipalapala, karibu na Tabora, ambapo walilea watoto waliokombolewa. Katika mwaka huohuo 1888 watu wa pwani wakiongozwa na Abushiri walianza vita dhidi ya Wajerumani, na nchi yote ilikuwa na wasiwasi.

Kwa Atiman safari hiyo ilikuwa na maana ambayo haikuwepo kwa wenzake Wazungu. Miaka 12 hivi kabla yake alikuwa amevushwa Sahara kama mali ya mtu. Sasa alikuwa akitembea katika barabara nyingine ya biashara ya watumwa, kama mtu huru mwenye sanduku la dawa, akikutana na misafara iliyotoka upande wa pili.

Mwanzoni mwa mwaka 1889 alifika Karema. Alikuwa na umri wa miaka 22 au 23.

Karema

Karema ilianza kama ngome. Kapteni Cambier, ofisa Mbelgiji aliyetumwa na shirika la Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, aliijenga mwaka 1879 katika nchi ya Wabende. Baada ya mkutano wa Berlin wa 1884–1885 upande huo wa ziwa ulihesabiwa kuwa wa Wajerumani, na Wabelgiji wakaiacha ngome mikononi mwa White Fathers mwaka 1885.

Miaka ya kwanza ya Atiman ilikuwa ya hatari. Wafanyabiashara wa watumwa walikuwa bado na nguvu pande zote mbili za ziwa. Ng'ambo ya magharibi kapteni Mfaransa Léopold Joubert, askari wa zamani wa Papa, alikusanya watu na silaha ili kulinda vituo vya misheni dhidi yao. Watu waliokimbia vita na utekaji walijaa katika vituo hivyo. Wengine walikuwa na majeraha ya risasi na mikuki, wengine walikuwa wamedhoofika kwa njaa. Askofu Bridoux mwenyewe alifariki mwezi Oktoba 1890, kabla ya kutimiza miaka miwili katika nchi hiyo. Hivyo hofu ya Lavigerie kuhusu afya ya Wazungu ilithibitika, na kazi ya daktari Mwafrika ikawa ya lazima kwa wamisionari wenyewe.

Miaka ya 1890 ilileta majanga mengine. Sotoka iliua ng'ombe wengi katika Afrika ya Mashariki. Funza, waliotoka pwani ya magharibi ya bara, walifika katika nchi za Ziwa Tanganyika na kuwalemaza watu ambao hawakuwajua na hawakujua kuwatoa kwa sindano au mwiba. Ndui ilirudi mara kwa mara. Mwanzoni mwa karne ya 20 malale yalienea katika fukwe za ziwa, na serikali ya Wajerumani ikafyeka vichaka, ikahamisha vijiji na kuweka kambi za wagonjwa. Dawa iliyokuwepo, atoksili, ilikuwa na sumu ya aseniki na iliwapofusha baadhi ya waliotibiwa.

Atiman alihudumu chini ya tawala zilizobadilika mara tatu. Wajerumani walikaa hadi Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Mwaka 1916 majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yaliingia magharibi mwa nchi na kuteka Tabora mwezi Septemba. Baada ya vita Uingereza ilipewa Tanganyika. Reli ya kati, iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, iliua barabara ya zamani ya misafara, lakini haikupita Karema. Mahali hapo pakabaki mbali na hospitali kubwa, na watu wakaendelea kumtegemea daktari wao.

Kazi ya udaktari

Atiman alikuwa daktari wa misheni, wa vijiji vya Wabende na majirani zao, na wa wasafiri wa ziwani. Aliwatibu Wakristo, Waislamu na wafuasi wa dini za jadi. Hakujitajirisha kwa kazi hiyo. Aliishi maisha ya kawaida ya mwanakijiji mwenye familia na shamba.

Dawa za Ulaya zilifika kwa shida, na mara nyingine hazikufika kabisa. Kwa hiyo alijifunza miti na mizizi ya nchi, akaitumia pamoja na yale aliyofundishwa Malta. Katika hilo alitofautiana na madaktari wengi wa kikoloni, ambao walihesabu uganga wote kuwa ushirikina.

Pamoja na tiba, alifundisha dini. Kwake kazi hizo mbili zilikuwa kitu kimoja, na ndivyo Lavigerie alivyokusudia. Hakuwahi kuwa padri.

Hadhi yake ilikuwa na utata. Kwa watu wa Karema alikuwa daktari. Lakini hakuwa na nafasi katika ngazi za serikali ya kikoloni kama madaktari Wazungu. Mpango uliomsomesha ulitaka abaki katika maisha ya Kiafrika, na jambo hilo lilimpa uaminifu wa watu, lakini pia lilimweka mbali na maktaba, vifaa na ujuzi mpya uliokuwa ukikua Ulaya. Alichojifunza kabla ya 1888 pamoja na alichokiona kwa macho yake ndivyo vilivyokuwa elimu yake kwa miaka iliyofuata.

Watoto na magonjwa ya tumbo: tiba bila maabara

Ugumu wa kazi ya daktari katika mazingira hayo huonekana vizuri zaidi katika magonjwa ya kuhara ya watoto wadogo, ambayo kwa muda wote wa maisha ya Atiman yalikuwa kati ya visababishi vikubwa vya vifo vya watoto duniani.

Mtoto anayehara sana hufa hasa kwa kupoteza maji na chumvi. Daktari asiye na maabara alitegemea macho na mikono: macho ya mtoto yaliyoingia ndani, utosi uliobonyea, kinywa kikavu, ngozi ya tumbo inayochelewa kurudi ikifinywa, na mkojo kukosekana. Dalili hizo bado zinafundishwa leo. Lakini hazimwambii daktari kinachotokea ndani ya utumbo.

Swali muhimu ni kama utumbo bado unaweza kufyonza sukari. Katika utumbo mwembamba kuna vinyweleo vidogo sana vinavyoongeza eneo la ufyonzaji. Juu yake kuna vimeng'enya vinavyovunja sukari za mchanganyiko: laktasi huvunja laktosi ya maziwa, na sukrasi huvunja sukari ya kawaida ya miwa. Sehemu zinazopatikana, kama glukosi, ndizo zinazoingia katika damu. Utumbo ukijeruhiwa na kuhara kwa muda mrefu au utapiamlo mkali, laktasi ndiyo hupungua kwanza. Laktosi isiyovunjwa hubaki utumboni, huvuta maji, kisha bakteria wa utumbo mpana huigeuza kuwa asidi na gesi. Hapo maziwa yaliyokusudiwa kumnenepesha mtoto humwongezea kuhara.

Hali hiyo ni tofauti na ile ya watu wazima wengi wa Afrika na Asia ambao laktasi yao hupungua kwa kawaida baada ya utoto. Hiyo si ugonjwa, na katika jamii nyingi za wafugaji haitokei sana.

Maabara ya leo ina njia kadhaa za kupima jambo hilo kwa watoto:

– Kinyesi kibichi chenye majimaji huchanganywa na maji na kupimwa kwa dawa ya Benedict, ambayo ni ya buluu na hugeuka kijani, manjano au rangi ya matofali kukiwa na sukari. Kiasi kinachozidi asilimia 0.5 humfanya daktari ashuku kwamba sukari haifyonzwi. Sukari ya miwa haionekani kwa kipimo hiki mpaka ivunjwe kwanza kwa asidi, na mtoto mchanga anayenyonya anaweza kuwa na sukari kinyesini bila kuwa mgonjwa.

– Kiwango cha asidi cha kinyesi hupimwa kwa karatasi. pH iliyo chini ya 5.5 huonyesha kwamba bakteria wamechachusha sukari isiyofyonzwa.

– Mtoto aliyekaa bila kula hunyweshwa zailosi, sukari ambayo huingia damuni bila kuhitaji kuvunjwa na kimeng'enya, na damu yake hupimwa baada ya saa moja. Zailosi ikiwa chache damuni, inawezekana kwamba ukuta wa utumbo wenyewe umeharibika.

– Hewa anayopumua hupimwa haidrojeni baada ya kunywa laktosi. Haidrojeni hiyo hutengenezwa na bakteria wa utumbo mpana, huingia damuni na kutoka kwa pumzi. Ikipanda kwa sehemu 20 katika milioni juu ya kiwango cha mwanzo, laktosi haikufyonzwa.

Kipimo cha Benedict kinahitaji bomba la kioo, moto na dawa moja tu, kwa hiyo kinaweza kufanyika hata katika maabara ndogo ya wilaya. Vile vya pumzi na zailosi hupatikana zaidi katika hospitali kubwa.

Hakuna hata kimoja kati ya vipimo hivyo kilichokuwepo Atiman alipokuwa mwanafunzi. Jambo lililobadilisha kabisa tiba ya kuhara lilijulikana baada ya kifo chake. Mwezi Agosti 1960 mwanasayansi Mmarekani Robert Crane alieleza katika mkutano huko Prague kwamba glukosi na natiri, yaani sodiamu iliyomo katika chumvi, huingia pamoja katika seli za utumbo: kimoja humvuta mwenzake, na maji hufuata. Kutokana na ujuzi huo, na majaribio yaliyofanyika Dhaka na Kolkata miaka ya 1960 na 1970, likapatikana maji ya chumvi na sukari ya kunywesha wagonjwa. Mchanganyiko unaopendekezwa na Shirika la Afya Duniani tangu 2002 una gramu 13.5 za glukosi na gramu 2.6 za chumvi ya kawaida katika kila lita moja ya maji, pamoja na potasiamu na sitrati. Kinachofanya kazi ni uwiano: sukari ikizidi sana, kuhara huongezeka.

Dawa hiyo haihitaji hospitali. Ingeweza kutengenezwa Karema mwaka 1889 kwa vitu vilivyobebwa na msafara wowote, kwa kuwa chumvi ilikuwa bidhaa ya kawaida ya barabara ya Unyamwezi. Kilichokosekana ni ujuzi kwamba utumbo unaohara bado unaweza kufyonza sukari na chumvi zikiletwa pamoja. Mfano huo husaidia kuelewa mipaka ya tiba ya wakati wa Atiman, na kwa nini muda wake mrefu wa kuwatazama wagonjwa wale wale, familia kwa familia, ulikuwa na thamani kubwa.

Ndoa na familia

Mwaka 1889 Atiman alimwoa Agnes Wansabira, binti wa ukoo wa kitemi wa Wabende. Ndoa hiyo ilimuunganisha na watu wa Karema na kumfanya awe shemeji wa wenyeji badala ya mgeni tu. Hata hivyo maisha ya nyumbani hayakuwa rahisi. Waandishi wa habari za maisha yake wanaeleza kwamba mume na mke walitofautiana sana kwa tabia na kwa imani, na kwamba Atiman alivumilia mengi bila kuivunja ndoa.

Mwana wao Joseph alisomea upadri na kupewa daraja hilo mwaka 1923. Alikuwa mmoja wa mapadri wa kwanza Waafrika katika eneo la Ziwa Tanganyika.

Uzee, heshima na kifo

Atiman aliendelea kuwatibu wagonjwa hadi uzeeni. Mwaka 1946 habari za maisha yake kama alivyozieleza mwenyewe zilichapishwa katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Maelezo hayo ni ya pekee, kwa kuwa ni watu wachache sana waliovushwa Sahara kama watumwa walioacha kumbukumbu zao wenyewe.

Katika miaka yake ya mwisho alipewa nishani na Kanisa Katoliki na pia na taasisi za upande wa Waingereza kwa ajili ya utumishi wake.

Alifariki Karema tarehe 24 Aprili 1956, akiwa na umri wa miaka 90 hivi. Tanganyika ilipata uhuru miaka mitano baadaye.

Umuhimu

Atiman anakumbukwa hasa na Wakatoliki wa magharibi mwa Tanzania kama mlei aliyeungana na wamisionari wa kwanza. Lakini maisha yake yana nafasi pia katika historia ya tiba na ya utumwa.

Kwanza, yanaunganisha mifumo miwili ya biashara ya watumwa ambayo mara nyingi husomwa mbalimbali: ule wa Sahara na ule wa barabara ya Tabora na Ujiji. Pili, yanaonyesha kwamba udaktari wa Kiafrika katika Tanganyika haukuanza na vyuo vya karne ya 20. Kabla reli haijajengwa, alikuwepo tayari Mwafrika aliyesomea chuo kikuu akitibu watu kando ya ziwa. Tatu, yanaonyesha udhaifu wa mpango uliomlea: mtu mmoja mwaminifu alifanya kazi ya maisha mazima, lakini hakukuwa na chuo nyuma yake cha kumletea ujuzi mpya wala cha kuandaa wa kushika nafasi yake.

Karema ya leo ni kata katika Wilaya ya Tanganyika, Mkoa wa Katavi. Kanisa la misheni na mabaki ya majengo ya wakati wa ngome bado yapo, na mjini Tabora miembe ya zamani bado inaonyesha mahali zilipopita njia za misafara.